Kupanda ngome ya Saint Hilarion mwezi Julai, na mama mwenye goti na mtoto wa miaka 7

SWALI: Nasoma chuo hapa Girne, kaskazini mwa Kupro. Mwezi wa saba mama atakuja kutoka Mombasa pamoja na mpwa wangu wa miaka 7. Mama ana miaka 61, ni mzima, ila goti la kulia humsumbua. Kila siku tunaiona ngome ya Saint Hilarion kule juu ya mlima na nimeshamwahidi tutapanda. Je, ataweza? Twende saa ngapi, tubebe nini? Na huko juu hasa tutazame nini, maana wenzangu waliokwenda wanasema ni magofu tu? Tena binamu yangu anaishi Limassol, upande wa kusini. Anaweza kuja tukapanda pamoja?

JIBU: Naanza na binamu yako, kwa sababu kosa la hapo haliponi kwa kuchuliwa na dawa.

Kisiwa kimegawanyika tangu 1974 na kila upande una utaratibu wake. Ikiwa binamu yako anaishi Limassol kwa kibali cha ukaazi ambacho muda wake haujaisha, anaweza kuvuka kwa miguu katikati ya mji wa Lefkoşa (Nicosia), kwenye kivuko cha mtaa wa Ledra kilichofunguliwa mwaka 2008 (kaskazini wanakiita Lokmacı). Abebe pasipoti na kibali chenyewe, si picha zake kwenye simu. Kabla ya siku ya safari aulize upande wa kaskazini kama pasipoti ya nchi yake inadaiwa viza, maana masharti hayafanani kwa kila uraia. Kama yuko kusini akisubiri uamuzi wa ombi la hifadhi, asivuke kabisa. Hana ruhusa hiyo, na kurudi kwake kunaweza kukwama. Gari nalo aliache nyumbani: bima ya kusini haifanyi kazi kaskazini, hivyo hulazimika kununua nyingine mpakani, na gari la kukodi la kusini kwa kawaida halilindwi na bima yake likishavuka. Akishapita kivuko atembee hadi Lango la Girne kwenye kuta za mji mkongwe, atafute dolmuş, yaani matatu za huku. Girne ni kilomita 25 hivi kutoka hapo.

Wewe na mama msijaribu safari ya kinyume. Aliyeingia kisiwani kupitia uwanja wa ndege wa Ercan huku kaskazini, mbele ya Jamhuri ya Kupro ameingia kwa mlango usiotambuliwa, na kama si raia wa Umoja wa Ulaya anaweza kuzuiwa kivukoni au kufunguliwa mashtaka. Wanafunzi husahau hili wakiona Limassol iko karibu kwenye ramani. Mama akitaka kuona pande zote mbili, njia iliyonyooka ni kuomba viza ya Jamhuri ya Kupro, atue Larnaca au Paphos, kisha avuke kuja kwako.

Sasa mlima. Mama ataweza sehemu mbili kati ya tatu za ngome, akienda mapema na bila haraka. Sehemu ya tatu aiache, na nitaeleza kwa nini haimnyimi mengi.

Ngome imejengwa juu ya vilele viwili vya mawe ya chokaa katika safu ya milima ya Girne, ile ambayo Wagiriki huiita Pentadaktylos na Waturuki Beşparmak. Kilele chake kiko mita 732 juu ya usawa wa bahari. Imegawanyika katika nyua tatu zinazopandana. Ua wa chini ni mpana, wa askari, farasi na mifugo. Ua wa kati una kanisa, ukumbi mkuu na roshani inayotazama bahari. Ua wa juu, kati ya vilele vyenyewe, una makazi ya wafalme. Kila ua una lango lake, na kila lango lingeweza kufungwa hata kama ua ulio chini yake umeshatekwa. Mkiwa na hilo kichwani, kila kona ya njia itakuwa na maana.

Kuhusu goti: maumivu ya goti huzidi wakati wa kushuka, si wakati wa kupanda. Kupanda humchosha mtu pumzi, akapumzika akaendelea. Kushuka, uzito wote wa mwili huangukia goti moja kwa kila hatua, na vidato vya Saint Hilarion havina kimo kimoja: kimoja cha kiganja, kinachofuata karibu nusu ya muundi. Ndiyo maana watu hufika juu wakicheka na kuteremka wakiwa wameshika ukuta. Fanyeni jaribio siku mbili au tatu kabla. Mama ashuke ngazi za jengo la ghorofa nne, apumzike, arudie. Goti likivimba jioni, asizidi ua wa chini. Likitulia, ua wa kati anauweza. Anunue fimbo yenye ncha ya mpira, na ampe urefu wa kumfaa kushukia, yaani ndefu kidogo kuliko ya kutembelea njia tambarare. Akishuka, mguu mbovu na fimbo vitangulie, mguu mzima ufuate. Akipanda, mguu mzima ndio utangulie.

Mavazi yana neno lake. Buibui refu linaloburuza ni zuri barabarani, lakini kwenye ngazi za kuteremka mtu hukanyaga pindo lake mwenyewe, na hapo hakuna reli ya kushika sehemu nyingi. Mama avae suruali au dira fupi kidogo ndani, kisha pindo alipandishe, ajifunge leso kiunoni masombo hadi warudi garini. Ushungi aubane kwa pini pande zote mbili. Upepo hukusanyika kwenye pengo kati ya vilele na hupiga ghafla mtu anapotoka nyuma ya ukuta. Kofia isiyo na kamba ya kidevuni itaishia bondeni.

Viatu ni jambo linaloharibu safari nyingi kuliko mengine. Jiwe la chokaa likikanyagwa na watu miaka na miaka hung'ara kama limesuguliwa kwa mkono, na Julai juu yake kuna vumbi na sindano kavu za misonobari zinazoviringika chini ya soli. Raba zenye soli laini iliyochorwa mifereji zinatosha. Kandambili, na raba za zamani ambazo soli imeshaisha na kuwa kama sahani, ziacheni. Wanaokwenda Januari au Februari wana tatizo lao jingine, maana jiwe lilelile likilowa mvua huteleza kama sabuni; nyinyi hilo haliwahusu.

Maji: chukueni lita 2 kwa kila mtu mzima na lita 1 na nusu kwa mtoto. Karibu na lango na sehemu ya kati hupatikana vinywaji, lakini msijenge safari juu ya kibanda ambacho kinaweza kuwa kimefungwa. Ua wa juu hauna maji, hauna choo, na kivuli chake ni cha kuta tu. Bebeni pia kitu cha chumvi, si biskuti tamu peke yake. Zeituni au jibini ya helimu ndani ya mkate inafaa sana, na mtatoa jasho la kutosha kuihitaji. Kiberiti na sigara visiwepo. Moto wa mwaka 1995 uliteketeza eneo kubwa la misitu ya milima hii, na mwezi wa saba nyasi zote huwa kavu.

Saa: mfike langoni panapofunguliwa asubuhi, na muwe mmerudi garini kabla ya saa sita mchana. Hili si suala la joto la hewa pekee. Mawe hunywa jua tangu alfajiri, na kuanzia saa tano huanza kulirudisha, mkawa mnachomwa kutoka juu na kutoka ubavuni. Tena mabasi ya watalii huanza kujaa katikati ya asubuhi, na njia ya ngazi haina nafasi ya watu wawili kupishana bila mmoja kusimama pembeni. Kutoka Girne kwa gari ni dakika 20 hivi. Mnashika barabara kuu ya Lefkoşa inayopanda mlima, na njia panda ya ngome iko kulia karibu na kilele cha barabara. Kwa mtu aliyejifunzia Mombasa hakuna jipya, kwani magari hupita kushoto kama kwetu.

Baada ya njia panda kuna barabara nyembamba ya kilomita chache inayopita ndani ya eneo la jeshi. Msisimame, msishuke, msitoe simu dirishani hadi muone maegesho ya ngome. Uwanja ule tambarare unaouona chini ya ngome, ambao waongozaji husema ndipo mashujaa walipokuwa wakishindana kwa mikuki, uko mikononi mwa wanajeshi, na kamera ikielekezwa huko inaweza kuchukuliwa. Kamera za kurusha angani ziacheni chumbani. Barabara hiyo haiachwi wazi usiku, kwa hiyo wazo la kwenda kutazama machweo kutoka dirisha la malkia, ambalo wanafunzi hulipenda sana, lifuteni.

Dolmuş za Girne na Lefkoşa hupita njia panda lakini hazipandi ngomeni. Kwa mama mwenye goti, chukueni teksi na mpatane bei ya jumla kabla ya kuondoka: kupanda, kusubiri saa tatu, na kurudi. Mkilipia kwenda tu, mtakwama juu, maana hakuna teksi zinazopanga foleni kule. Tiketi hulipwa kwa lira ya Kituruki. Bebeni taslimu, na wewe usisahau kitambulisho cha chuo, wanafunzi hulipa pungufu.

Sasa yale ya kutazama. Wanaosema ni magofu tu, wengi wao walipanda mbio hadi kileleni, wakapiga picha, wakateremka. Kwa Julai nakubaliana nao nusu: panda kwanza wakati kuna ubaridi, tazama wakati wa kushuka. Aprili ningesema kinyume. Lakini mama, asiyekwenda juu, aanze kutazama tangu mlangoni, na pengine yeye ndiye atakayeielewa ngome kuliko nyote.

Mahali hapa hapakuanza kwa vita. Palikuwa na monasteri, iliyojengwa kwa kumbukumbu ya mtawa Hilarion aliyeishi upwekeni mlimani. Karibu na karne ya 11 Wabizanti wakaizungushia kuta kwa sababu kutoka hapa mtu huona njia ya mlimani inayounganisha bandari ya Girne na uwanda wa Lefkoşa. Mwaka 1191 Richard wa Uingereza alikitwaa kisiwa kutoka kwa mtawala Isaac Komnenos, na ngome ikaangukia kwa Walatini, yaani Wakristo wa Ulaya magharibi. Baadaye wafalme wa ukoo wa Lusignan wakaifanya makazi ya kiangazi, kwani Lefkoşa wakati huo wa mwaka ni tanuri.

Kwenye ua wa chini simameni pale ukuta wa nje unapopanda mlima, mtazame minara yake ya nusu duara. Imetokeza nje ya ukuta makusudi. Mpiga mishale aliye ndani ya mnara anaweza kupiga kandokando ya ukuta, kushoto na kulia, hivyo adui aliyejibanza chini ya ukuta akidhani haonekani huwa amejiweka mahali pabaya kuliko pote. Hesabuni hatua kutoka mnara hadi mnara. Mpwa atapenda kazi hiyo, na atagundua mwenyewe kwamba nafasi si kubwa kiasi cha mshale kushindwa kufika. Tazameni pia kwamba upande wa genge hakuna ukuta wa maana. Hawakuwa na haja ya kujenga pale ambapo mlima umeshajenga.

Hapo ndipo mtu wa Mombasa ana faida. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, kuta zake ni nene, zimelala kidogo, na pembe zake zimepangwa kwa ajili ya mizinga. Saint Hilarion ni ya kabla ya mizinga kubadilisha mambo. Imeamini urefu: mtambo wa kurusha mawe hauwezi kufika huku juu, na mwanadamu aliyevaa chuma akipanda mteremko huu atafika hana nguvu ya kupigana. Mama akiikumbuka Fort Jesus ataona mara moja kwamba hizi ni akili mbili tofauti. Na ataelewa kwa nini Waveneti, watu wa Venice, walipokitwaa kisiwa 1489, hawakuitaka ngome hii. Waliibomoa sehemu na kuiacha ili wasilipe askari wa kuilinda, wakaweka fedha kwenye ngome ya bandarini Girne na baadaye, 1567, kwenye kuta mpya za Lefkoşa zenye buruji 11. Kwa hiyo mengi ya magofu mnayoyaona hayakuangushwa na adui. Waliyaangusha wenyewe kwa hesabu ya gharama.

Ua wa kati ndio nyumba ya mama kwa asubuhi hiyo. Njia ya kuufikia ni mpando wa vidato, na apumzike kila baada ya mgeuko wa njia hata kama hajachoka. Lango lake lilikuwa na daraja la kuinuliwa. Ndani mtakuta kanisa la Kibizanti lililopoteza kuba. Tazameni jinsi matofali na mawe yalivyopangwa kwa zamu ukutani, na nguzo zilizobeba kuba hilo: zilikuwa nane, si nne kama ilivyozoeleka. Mabaki ya rangi za picha za watakatifu yapo. Msiyaguse, mafuta ya vidole huyamaliza. Kaskazini yake ni ukumbi mkuu, na karibu na hapo roshani yenye matao wazi. Hapo pana kivuli, upepo wa bahari, na Girne yote chini. Mama akikaa hapo na maji yake, nyinyi mkapanda, hajapoteza kitu. Siku isiyo na utusitusi milima ya Uturuki huonekana ng'ambo, ingawa Julai unyevu huificha mara nyingi.

Kabla ya kuendelea juu, tafuteni birika kubwa la maji upande wa magharibi wa ua huu. Kwangu ndicho kitu cha muhimu kuliko vyote ngomeni, na wageni hulipita kama shimo. Kupro haina mvua ya maana kuanzia Juni hadi Septemba. Maji yote ya kiangazi yalipaswa kunyesha wakati wa baridi, kuteremka kwenye mapaa na mawe, na kuhifadhiwa. Pigeni hesabu: paa la mita 100 za mraba, mvua ikinyesha milimita 10, hutoa lita 1,000. Askari 50, kila mmoja lita 5 za kunywa na kupikia, kwa siku 150 wanahitaji lita 37,500. Farasi mmoja hunywa lita 30 au zaidi kwa siku, yaani sawa na askari sita. Sasa mnajua kwa nini farasi waliwekwa ua wa chini, na kwa nini katika mazingirwa wao ndio wa kwanza kuchinjwa.

Kuzingirwa kwa namna hiyo kulitokea kweli hapa. Mfalme mkuu Frederick II alipogombana na ukoo wa Ibelin juu ya nani atawale Kupro kwa niaba ya mfalme mtoto Henry I, watu wa Frederick walijifungia humu wakiwa na mtoto huyo. Ibelin hawakuweza kuparamia kuta. Walikaa chini wakangoja, na mwaka 1230 njaa ikawatoa walio ndani. Miaka miwili baadaye zamu ikageuka: watu wa Frederick wakawa ndio wanaoizingira, na ndani walikuwamo dada wawili wa mfalme. Mapigano ya Agridi, tarehe 15 Juni 1232, chini huku mlimani, ndiyo yaliyowaokoa. Kwa hiyo mtu akiwauliza ngome hii ilitekwaje, jibu ni kwamba aliyekuwa na chakula ndiye aliyeshinda. Ghala na birika vilipima nguvu yake kuliko urefu wa genge.

Kutoka birika kwenda juu njia inakuwa kali. Wewe na mpwa mtatumia dakika 20 hadi 30 kupanda bila kukimbia. Mshike mkono upande wa mlimani, yaani wewe utembee upande wa bonde. Kabla ya lango la juu njia hugawanyika, na tawi moja huenda kwenye mnara wa Prince John, uliosimama peke yake juu ya jabali. Huko usimpeleke mtoto. Njia ni nyembamba, mawe yamelegea, na pembeni kuna genge tupu. Hadithi yake unaweza kumsimulia mkiwa mahali salama. Mwaka 1373 Wagenoa, watu wa Genoa, walipovamia kisiwa, mwanamfalme John wa Antiokia, mjomba... la, ami wa mfalme kijana Peter II, alijihifadhi humu na walinzi wa Kibulgaria. Malkia Eleanor, mama wa mfalme, alikuwa akimshuku John kwa mauaji ya mumewe Peter I mwaka 1369. Akampelekea habari kwamba Wabulgaria wanapanga kumsaliti. John akaamini, akawaita mnarani mmoja baada ya mwingine na kuwatupa gengeni. Hivyo ndivyo anavyosimulia mwanahistoria wa karne ya 15, Leontios Makhairas. Akiwa ameshabaki bila walinzi, John alialikwa Lefkoşa na huko akauawa. Watu wazima wawili wasio na kizunguzungu wanaweza kwenda mnarani wakati hakuna upepo. Zaidi ya hapo, mandhari yake hayazidi yale ya dirisha la malkia.

Dirisha lenyewe liko ua wa juu, upande wa magharibi, kwenye kuta za makazi ya kifalme. Sakafu ya ghorofa ilishaanguka lakini dirisha limebaki, limechongwa kwa nakshi za Kigothi, na pande zake mbili ndani ya unene wa ukuta kuna baraza za mawe zinazotazamana. Watu wawili hukaa hapo magoti yakikaribia kugusana, bonde na kijiji cha Karmi chini yao. Mpwa akae barazani, asisimame juu yake. Kwa nje ya kizingiti hakuna kitu cha kumzuia. Mtaambiwa kwamba ngome ya filamu fulani maarufu ya katuni ilinakiliwa kutoka hapa. Hilo ni la kuuzia kadi za posta.

Chungulieni nyufa za majabali karibu na njia mnapopanda. Kuna mmea wa majani mazito ya kijani yenye rangi ya kijivu, unaofanana na sukumawiki iliyozeeka. Ni kabeji-mwitu iitwayo Brassica hilarionis, ambayo duniani humea kwenye safu hii ya milima tu. Julai mtaona majani, maua yake meupe huwa yameshapita. Msichume. Na kwenye mawe yenye jua msitie mkono ndani ya ufa msiouona mwisho wake: kisiwa kina nyoka mwenye sumu wa jamii ya kifutu, ambaye hupenda mapango ya aina hiyo. Watu wanaobaki njiani hawapati shida naye. Dharura ya mgonjwa, namba ya gari la wagonjwa kaskazini ni 112.

Kitu kingine cha kutazama hakina umri mkubwa. Mwaka 1964 wapiganaji wa Kituruki wa Kupro waliishika ngome hii, na kwa kuishika wakaidhibiti barabara ya Girne na Lefkoşa, kwa sababu ileile iliyowaleta Wabizanti karne tisa kabla. Kutoka ukingo wa ukuta wa ua wa chini barabara hiyo inaonekana vizuri. Kambi mliyoipita mkija ni mwendelezo wa habari hiyo.

Mkigundua asubuhi hiyo kwamba joto limezidi, au goti la mama limeamka vibaya, msilazimishe. Nendeni ngome ya bandarini Girne, ambayo mama ataizunguka bila mpando mkali akikaa chini asipande ukutani. Ndani yake kuna chumba cha jahazi la kale la Wagiriki lililozama karibu miaka 2,300 iliyopita, likapatikana na mpiga mbizi mwaka 1965. Lilikuwa limebeba mitungi karibu 400 na maelfu ya lozi. Mbao zake za msonobari zipo pale, na mtu wa pwani aliyewahi kuona mafundi wakiunda dau ataona kazi ya ajabu: waliunganisha kwanza mbao za ubavuni, moja kwa moja ukingo kwa ukingo, na mataruma, yaani mbavu za ndani, wakayatia baadaye. Chumba hicho huwekewa hewa iliyopozwa kwa ajili ya mbao, kwa hiyo kiwekeni kwa ajili ya saa sita mchana.